Vitabu mia saba ndani ya simu

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitabu na simu vitakaaje nyumba moja. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, kama mlivyoomba.

Swali: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Njombe. Zamani nilikuwa namaliza riwaya nzima Jumamosi na Jumapili. Miaka minne sasa nasoma kwenye simu tu. Juzi nilihesabu faili za PDF nilizohifadhi, nikapata 712. Kisha nikahesabu nilizozisoma mpaka mwisho, nikakosa hata moja. Nafungua, nasoma kurasa nane, naingia WhatsApp, nikirudi nimesahau nilipoishia. Nina miaka thelathini na sita. Je, akili yangu imeharibika?

Jibu: Marahaba mwanangu. Akili yako nzima. Inaitwaitwa mno, basi.

Nikueleze yangu. Mwaka jana nilimsindikiza mume wangu kliniki ya macho hapa Tanga, na pale kwenye benchi nikawa nasoma riwaya kwenye simu. Nilikuwa nimefika mahali binti wa hadithi anaporudi kijijini na kukuta mlango wa mama yake una kufuli jipya. Kidole changu kilikuwa juu ya neno hilo hilo, kufuli, ikashuka meseji juu ya kioo: kamati ya harusi inakumbusha michango, mwisho Ijumaa. Nikaifungua. Nikatuma elfu hamsini. Nikaona mtu kaandika neno lisilonipendeza, nikamjibu. Nikaona picha za mtoto wa mpwa wangu, nikaziangalia zote. Muuguzi alipotuita, saa nzima ilikuwa imekatika na yule binti bado kasimama mlangoni. Usiku niliporudi kwake sikumwonea uchungu wowote. Ilinibidi nianze sura upya, tangu anaposhuka kwenye basi, ndipo lile kufuli likaniuma.

Simu ni soko, mwalimu. Kitabu chako kimepangwa humo kwenye meza moja, kati ya muuza samaki na mpiga debe, halafu unajilaumu kwamba husikii kinachosemwa.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilipelekwa mara ya kwanza Maktaba Kuu ya Taifa, pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1967 na mpaka leo liko. Begi uliliacha mlangoni. Ndani ulisikia feni na kurasa zikifunuliwa. Kilichonisomesha mimi, lakini, ni kile kikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada, kimejaa tarehe zilizogongwa muhuri, nyingine za bluu, nyingine zambarau, nyingine zimepinda kwa sababu aliyegonga alikuwa na haraka. Tarehe ya mwisho ilikuwa yangu. Nilijua siku zangu ni za kuhesabu, na nilijua kuna mtu mwingine anakisubiri. Faili zako 712 hazina tarehe ya kurudishwa. Zitakungoja mpaka ustaafu, na kwa sababu hiyo hazikuhimizi.

Basi fanya hivi. Chagua kitabu kimoja, kisizidi kurasa mia na hamsini. Vingine vyote vihamishie kwenye memori kadi, uitoe, uiweke kabatini. Usivifute kwa hasira, utajuta. Chukua karatasi, andika jina la kitabu na tarehe utakayokimaliza, ibandike unapoiona. Ukikaa kusoma zima data. Kuweka simu kimya hakutoshi, maana utaona taa ikiwaka na mkono utakwenda wenyewe. Zima data kabisa, au iweke kwenye hali ya ndege, na umwambie aliyeko nyumbani kwamba kwa dakika arobaini hupatikani. Ukifika mwisho wa sura, simama, na namba ya ukurasa iandike kwa kalamu kwenye ile karatasi. Leo umefika wa nane. Kesho tafuta wa kumi na mbili. Nimewapa watu kadhaa dawa hii, na wengi walirudi kuniambia kwamba siku tatu za kwanza ni ngumu, unahisi kama kuna mtu anakuita nje. Ya nne unakaa.

Na kama huko Njombe kuna mtu mwenye riwaya ya karatasi, iazime. Mkopeshaji akikuuliza "umefika wapi?" utasoma tu.

Swali: Mama shikamoo. Dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma. Nasikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, nimeviweka kwenye flashi. Mke wangu anasema huko si kusoma. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba baba. Sisi wa rika langu tulikaa mbele ya redio kusubiri "Mama na Mwana" ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na zile hadithi ziko kichwani mpaka leo kuliko vitabu vingi nilivyovisoma kwa macho. Tenzi za pwani nazo zilitungwa zisikike. Wewe ni msomaji. Ila ukikaribia Kitonga, zima; mlima ule unataka masikio yote mawili. Na ukifika nyumbani, sura ya mwisho mwachie mkeo akusomee kwa sauti.

Swali: Mama, habari za kazi. Ni mwanafunzi wa chuo, Mwanza, na ni admini wa grupu la wapenda vitabu. Tuko 240. Mtu akipata PDF ya kitabu anaitupia, sote tunapakua. Wiki iliyopita mwandishi mmoja aliingizwa na rafiki yake, akakuta riwaya yake humo. Akaomba tuiondoe. Watu wakamtukana, kwamba anabania elimu, kwamba anapaswa kushukuru anasomwa. Akatoka. Vitabu ni ghali Mama, na sisi hatuna hela. Tumekosea?

Jibu: Mmekosea mwanangu, na matusi yamezidisha kosa.

Nilisahihisha prufu kwa miaka kumi na tisa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, kwa hiyo kitabu nakijua kikiwa bado uchi. Najua mwandishi anayekuja mara ya nne kuuliza kama karatasi zimefika. Namkumbuka mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja na daftari kuuliza riwaya yake imeuzwa nakala ngapi mwaka ule. Akaambiwa sitini na moja. Aliandika namba ile taratibu, akaipigia mstari, akashukuru, akaondoka. Katika bei ya kitabu, fungu la mwandishi mara nyingi ni moja ya kumi, pengine chini ya hapo. Lililobaki ni la karatasi, mashine, usafiri na duka. Sasa fikiria mama yule angeingia grupu akute watu 240 wanayo riwaya yake, karibu mara nne ya walionunua mwaka mzima, na wanamtukana.

Sheria ipo, ya Hakimiliki na Hakishiriki, ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kufa. Lakini sitaki uondoe faili kwa kuogopa sheria. Nataka uone mtu.

Umaskini wa wanafunzi naujua, nao si uongo. Kwa hiyo pigeni hesabu pamoja nami. Watu 240, kila mmoja shilingi mia tano kwa mwezi, ni laki na elfu ishirini. Hizo ni nakala kadhaa halali kila mwezi, zizunguke kwa daftari la kuazimia, na kufika mwisho wa mwaka mna maktaba. Isitoshe, wako waandishi wanaouza simulizi zao wenyewe huko Facebook: sehemu kumi za kwanza bure, zinazobaki unatumiwa kwa buku mbili kupitia simu. Wapo wanaoziona hadithi zile hafifu. Nyingine ni hafifu kweli, na nyingine zimenikesha. Cha maana ni kwamba hela inamfikia aliyeandika, siku hiyo hiyo.

Vya bure vya halali navyo vipo tele. Mwaka 1971, kabla wengi wetu hatujajua kompyuta inafananaje, kijana mmoja Marekani, Michael Hart, alikaa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Illinois akapiga chapa maandishi ili yeyote ayapate bila malipo. Hapo ndipo ilipoanza Project Gutenberg, ambayo leo ina maelfu ya vitabu, vingi vikiwa vile ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha. Vya Kiswahili humo ni haba, lakini ninyi mnasoma Kiingereza pia.

Halafu mtafute yule mwandishi. Mpigie, usimwandikie. Mwombe radhi kwa niaba ya grupu, umuulize kama ana nakala za kuuza, na muanze na kitabu chake.

Swali: Assalaam aleikum dada. Mimi nimezaliwa Unguja, naishi Muscat mwaka wa ishirini na nane huu. Kusoma kwenye simu kunaniumiza macho, wanangu wakaniletea Kindle, kifaa cha kusomea vitabu. Wananiambia hii si kama simu. Kweli? Na vitabu ninavyonunua humo, ni vyangu nikifa niwaachie?

Jibu: Waaleikumu salaam dada yangu. La kwanza wanao wamesema kweli. Kioo cha simu ni taa: mwanga unatoka ndani unakuja machoni. Kile kifaa kina vifuko vidogo mno, havionekani kwa macho, vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu pale panapotakiwa herufi, na zikishapanda zinakaa pale pale bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana chaji moja yaweza kumaliza wiki. Ukitoka barazani jua la Muscat likiwaka, simu itakufa rangi, ile itazidi kusomeka, kama karatasi. Herufi zikuze mpaka ziwe kubwa unavyotaka, usione haya. Mimi nasoma maneno tisa kwa mstari na nashukuru.

La pili lataka tahadhari. Mwezi Julai mwaka 2009 watu Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili vya George Orwell walivyovilipia vimetoweka kwenye Kindle zao. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo, na Amazon, kampuni yenye Kindle na duka lake, ikavifuta kutoka mbali, ikawarudishia hela. Kimoja ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama, alichokifasiri Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika maelezo yake ya darasani humo. Maelezo yakabaki, kurasa zilizoelezwa hazipo. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani na walioathirika wakapewa fidia, lakini jambo lilikwisha kuonekana: unachonunua humo mara nyingi ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa yaweza kufungwa. Nakala ya Kawegere, aliyenayo anayo. Hakuna anayeweza kuingia sebuleni kwake usiku akaichukua na kumwachia hela mezani.

Kwa hiyo mimi nimejigawia hivi. Ninachotaka kukisoma mara moja, nakisoma kwenye kifaa. Ninachotaka wanangu wakikute, nanunua cha karatasi, naandika jina langu na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza. Akija mtu kutoka Unguja au Dar mwagize viwili, si zaidi, maana mzigo wa vitabu ni mzito na wabebaji wana mizigo yao. Na hao watoto wako uwasomee kwa sauti, hata wakiwa na ndevu. Kiswahili cha Unguja kinywani mwa mama hakipatikani dukani.

Swali: Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na minane, Malindi. Nina wajukuu watano, kila mmoja ana simu, hakuna mwenye kitabu. Kwenye kasha nimehifadhi chuo, yaani kitabu, cha bibi yangu, utendi kwa herufi za Kiarabu, alionakili kwa mkono wake. Ukingo mmoja umeliwa na mchwa. Mimi nausoma kwa tabu, wao hata alifu hawaijui. Simu imeua kitabu, binti yangu. Nikiondoka, chuo hiki atakisoma nani?

Jibu: Shikamoo Mzee wangu. Barua yako imekaa mezani siku kumi kwa sababu kila nikiisoma nilikuwa nikiinuka.

Sitakubishia kuhusu wajukuu. Nina watatu, nawaona. Lakini nikueleze kitu ambacho simu hiyo hiyo ilinifanyia. Chuo cha SOAS, London, kinahifadhi miswada mingi ya tenzi zetu, iliyochukuliwa pwani enzi za misheni na za ukoloni na watu kama W. E. Taylor na William Hichens. Kwa miaka mingi ili uione ulihitaji viza na nauli. Kisha mingi ikapigwa picha ikawekwa kwenye intaneti. Usiku mmoja nikafungua ukurasa mmoja, nikaukuza kwa vidole viwili. Nikaona wino ulivyo mzito mwanzo wa neno, unavyofifia kadiri kalamu inavyokauka, kisha unazidi tena, mzito, pale mwandishi alipochovya. Niliweza kuhesabu alichovya mara ngapi katika mstari. Nikaona alama za wino mwekundu zinazotenga vipande. Nikajikuta nalia hapa Tanga, saa sita za usiku, kwa ajili ya mkono wa mtu nisiyejua hata jina lake.

Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na umetufikia kwa sababu wenye nyumba waliunakili kwa mkono, nyumba hadi nyumba, kama bibi yako alivyofanya. Mtu aliyekaa na kalamu ya mtete akanakili beti mia na zaidi alikuwa anafanya kazi ambayo simu inaweza kuimaliza kwa alasiri moja. Ila simu itachukua sura ya ukurasa tu. Sauti haiijui, na hapo ndipo unapohitajika wewe.

Wewe unajua tabu ya hati zile. Herufi moja, be, inabeba sauti ya b, ya p na ya mb. Neno moja lililoandikwa vile vile laweza kuwa bata, au pata, au mbata. Mgeni aliyesomea Kiarabu chuoni atasimama hapo. Wewe unapita bila kufikiri, kwa sababu ulimsikia bibi yako. Ukiondoka bila kulisoma kwa sauti, picha hata zikiwa nzuri vipi zitabaki na mbata na bata na pata, na hakuna wa kuamua.

Kwa hiyo, Mzee wangu. Kasha litoke sakafuni leo, liwekwe juu ya matofali, mbali na ukuta kiasi cha kiganja, ili mchwa akipanda aonekane. Chuo usikianike juani; karatasi ya zamani itapasuka. Vumbi liondoe kwa brashi laini iliyo kavu. Palipochanika pasiguswe na selotepu hata kidogo, gundi yake inakula karatasi. Kifunge katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa, usikitie mfuko wa nailoni, unyevu wa Malindi utaozea humo. Na asitokee mtu wa kukuazima akaondoka nacho, hata awe na barua ya chuo kikuu. Akitaka kukiona, aje akae mkekani kwako. Ukihitaji ushauri wa karatasi, Fort Jesus pale Mombasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, uliza huko.

Picha zipigwe asubuhi, karibu na dirisha, bila taa ya simu, maana inaunguza wino kwenye picha na kuacha doa jeupe. Ukurasa mmoja picha moja, simu iwe juu yake sawasawa, na kando kiwekwe kikaratasi chenye namba. Kisha mjukuu abonyeze kinasa sauti, na wewe usome ubeti mmoja mmoja, utaje namba kabla ya kuanza. Ukikwama, kwama, mwambie kwa nini umekwama, na hilo lirekodiwe. Kila kilichopatikana kikae mahali patatu: simu yake, flashi ya nyumbani, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Yupi kati ya hao watano mwenye kamera nzuri? Mwite Jumamosi, kabla hajatoka, ukurasa wa kwanza tu, msimalize kwa pupa. Huenda akauliza alifu ni ipi. Na ubeti huo wa kwanza, mkishaurekodi, naomba anitumie niusikie.